Mwalimu Nasriya na Shamba la Samail

Jumanne, tarehe 5 Novemba 1996. Joto lilikuwa limepungua, wingu jepesi limetanda juu ya milima tangu alfajiri, na upepo wa kutoka bara ulikuwa ukisukuma vumbi mpaka ndani ya maduka ya magari ya Wattaya, mjini Maskati, ukiyafifisha magari mapya nyuma ya vioo vyao.

Juu ya duka moja kama hilo, katika nyumba ya ghorofa ya pili, Mwalimu Nasriya binti Thani alikuwa ameshaudhika kabla chai haijapoa.

"Baba," alisema, "leo alasiri ukiulizwa, utasema nini?"

Mzee Thani alivunja kipande cha mkate wa ufuta, akakichovya katika chai ya maziwa, akakila chote. "Ntasema nnaloulizwa."

"Utaulizwa shamba ni la nani."

"Basi ntajibu. Shamba marehemu alinipa."

"Hakukupa. Ulinunua weye, kwa jasho lako la Dubai."

"Nilinunua, nkampa. Akanrudishia. Sasa kitu akikurudishia mtu, si amekupa?"

Nasriya akaweka kikombe chini. Mama yake, Bi Hamdiya, aliyekuwa akipanga sahani, hakugeuka. "Mwache baba yako anywe chai," alisema. "Asubuhi yote hii ushaanza kumsomesha, naye hana hata daftari."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Sheikh Muhanna, mkubwa wa kabila lao, alikuwa amefariki mwezi uliopita, na alasiri ile wanawe walikuwa wanakutana Qurum nyumbani kwa mkubwa wao, Yazid, aliyeshika usheikh baada ya baba yake, kukubaliana juu ya mirathi. Katika mali iliyoandikwa kwa jina la marehemu lilikuwamo shamba la mitende karibu na Samail, ambalo Mzee Thani alikuwa akilima na kula tende zake kwa miaka ishirini na zaidi. Yazid alikuwa amemwita. Mzee Thani asiposema mbele ya warithi kwamba shamba ni lake, litagawiwa pamoja na mengine yote, na mmoja wao alikuwa ameshapata mnunuzi. Neno moja tu lilitakiwa, na mtu wa kulisema alikuwa yule anayechovya mkate kana kwamba dunia nzima ina nafasi.

Ili kuelewa kwa nini neno lile lilikuwa zito, inafaa kurudi nyuma. Nasriya alizaliwa Unguja, na alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili walipoondoka na kufikia Dubai. Baba yake akafanya kazi ya kreni bandarini huko. Mwaka 1973 aliihamisha familia Maskati, katika nchi ambayo babu zake walikuwa wakiitaja kila siku na ambayo yeye hakuwahi kuiona. Hakuwa na pasi ya kusafiria, hakuwa na nyumba, na Kiarabu chake kiliwachekesha wenye maduka. Serikali ilimwambia alete mtu wa kumshuhudia kwamba ni wa kabila analodai. Akapanda lori mpaka kijijini, akaingia katika baraza ya mtu asiyemjua, akataja majina ya babu zake mmoja baada ya mwingine mpaka akafika kwa aliyepanda jahazi. Sheikh Muhanna alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu wetu." Siku chache baadaye akafuatana naye mpaka Maskati, akayasema maneno yale yale mbele ya karani.

Pasi ilichelewa, lakini shamba halikungoja. Mwenye kuuza alitaka kuhama, na Mzee Thani, ambaye bado hakuwa raia kwa karatasi, alilinunua na kuliandikisha kwa jina la Sheikh. Sheikh alisema, "Kaa, ule tende. Tukikuhitaji tutakuita." Pasi ilipotoka, Mzee Thani hakurudi kulidai jina lake. Aliona haya.

Na waliita. Walimwita kwenye harusi na matanga, walimwita injini ya pampu ilipokufa, walimwita Sheikh alipolazwa hospitali na madaktari wa Kihindi wakawa wanamsemesha Kiingereza. Siku ya harusi ya Nasriya mwenyewe, kabla pilau haijapakuliwa, gari lilisimama mlangoni, na bwana arusi akala karamu yake bila ya mkwewe. Nasriya hakuwahi kulisahau hilo. Hakusahau pia, ingawa alikuwa hapendi kulikumbuka, kwamba mwaka aliokuwa mjane, Sheikh Muhanna alikuja mwenyewe kutoka bara, akakaa chini sakafuni pamoja na wanaume wengine siku tatu za matanga, hakutuma mtu.

Nasriya alisoma Kuwait, akarudi akawa mwalimu wa historia. Miaka ishirini alikuwa akifundisha, na shule aliyokuwa akifundisha sasa ilikuwa ya binafsi, kule Qurum, ambako watoto huteremshwa na madereva.

Asubuhi ile aliingia darasani akakuta ile picha imerudi ukutani. Ilikuwa piramidi iliyochorwa kwa rangi na Peninah, mwalimu wa jiografia kutoka Kisumu, mwenye mkono mzuri. Juu kabisa alikaa mfalme na taji la manjano, chini yake mabwana wakubwa, chini yao wapanda farasi wenye mikuki, na chini kabisa wakulima wengi wadogo wadogo kama punje za mchele. Mishale ilishuka kutoka kwa mfalme: ardhi, ardhi, ardhi. Nasriya alikuwa ameiondoa wiki iliyopita.

"Mwalimu," Peninah alimwambia mlangoni, "hiyo chati mbona unaichukia? Watoto wanaielewa mara moja. Na mtihani unaiuliza."

"Mtihani unauliza mfumo wa mabwana na watumishi wao ulianza vipi Ulaya. Hii haisemi ulianza vipi. Hakuna mfalme aliyekaa siku moja akaigawa nchi kama mama anayepakua biriani."

"Sawa, lakini ukweli wako hauna maksi, mwalimu. Mshale una maksi."

"Basi na uwe na maksi. Uongo tu."

Peninah alicheka, akaenda zake. Hilo pia lilimuudhi Nasriya, kwamba mtu mwenyewe hakuwa na ubaya wowote.

Akaligeuzia darasa mgongo, akaing'oa picha, akaanza kusimulia kwa namna aliyoipenda. Palikuwa na mfalme mkuu wa Wafaranki, alisema, aliyetawala karibu Ulaya yote ya magharibi. Alipokufa, mwanawe aliishika kwa taabu, na wajukuu wakapigana, wakaigawa vipande. Vipande vikagawiwa tena kwa watoto wao. Wakati huohuo wakaja washambuliaji: wa kaskazini kwa majahazi wakipanda mito, wa mashariki juu ya farasi, na wa kusini kwa bahari, Waarabu. Hapo nyuma ya darasa wavulana wawili wakapigana viwiko kwa furaha.

"Msifurahi," alisema. "Mtu anayechomewa ghala haulizi aliyechoma anasali wapi."

Mfalme alikuwa mbali, aliendelea, na jeshi lake likifika huwa moshi umeshazimika. Lakini jirani alikuwa karibu. Jirani alikuwa na farasi, na fulana ya chuma, na mnara wa magogo juu ya kilima. Basi mtu mwenye shamba zuri, mtu huru, alikwenda kwa jirani huyo, akapiga magoti, akaiunganisha mikono yake na kuitia ndani ya mikono ya yule bwana, akasema: mimi ni mtu wako. Wengine walimpa bwana na shamba pia. Naye bwana akawarudishia, walilime na walile, kwa sharti la kuitika wakiitwa. Tangu hapo shamba likaitwa la bwana, na mwenyewe akawa anashukuru. Mwanzoni ahadi hiyo ilidumu kwa muda wa uhai wao tu. Bwana akifa, unakwenda mbio kwa mwanawe, unapiga magoti upya. Polepole, baada ya miaka mingi, ikawa jambo la kurithiana, na wenye vitabu wakaja kuchora mishale inayoshuka kutoka juu.

"Ulianzia chini," alisema, akagonga ubao. "Ulianzia kwa mtu mwenye hofu."

Aliyafikiria maneno yake mwenyewe, na hakuyapenda. Kengele haikuwa imelia bado. Nouf, msichana mwenye miwani ambaye nyumbani kwao walikuwa wakizungumza Kiswahili, alimfuata mpaka kwenye meza.

"Ticha, kwani yule mkulima alikuwa mpumbavu? Shamba lake, anampa mtu, halafu anashukuru."

"Hakuwa mpumbavu. Alikuwa anaogopa."

"Sawa, na hofu ilipokwisha? Majahazi yaliacha kuja, si umesema? Mbona hakwenda kulidai?"

Nasriya alifungua mdomo. Kengele ikalia. Aliishukuru kengele, kisha akaudhika kwa kuishukuru.

Baada ya sala ya alasiri alimpakia baba yake garini. Mzee Thani alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, kilemba kimefungwa vizuri, na magotini amepakata bati la halwa. Kutoka Wattaya mpaka Qurum si mbali, lakini Nasriya alizungumza njia nzima.

"Neno moja tu, baba. Sema, langu. Si unasema kwa Kiarabu? Hata herufi hazifiki sita."

"Nnakijua Kiarabu, Nasriya."

"Yazid mwenyewe anataka useme. Kwani hukumsikia kwenye simu?"

"Nimemsikia. Mtoto ana adabu."

"Usiniambie adabu. Niambie utasema."

Mzee Thani alitazama nje, kwenye majumba meupe na maua yaliyomwagiliwa. "Watu wa huku wote wanaendesha gari," alisema. "Utaona nyumba mia na humuoni hata mtu mmoja anayetembea."

Sebule ya Yazid ilikuwa pana, yenye mito mekundu pande zote na kiyoyozi kinachovuma. Kwa kuwa Mzee Thani alikuwa mzee wa kushikwa mkono, Yazid alimkaribisha Nasriya naye aingie, akampa kiti karibu na mlango, mbali kidogo na wanaume. Ndugu wanne walikuwa wamekaa tayari. Yazid alikuwa mtu wa makamo, mfanyakazi wa wizara, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Mdogo wake Saeed, wa benki, aliyekuwa na yule mnunuzi, alikuwa akitazama saa.

Kahawa ilizunguka. Tende zikazunguka. Mazungumzo yalikuwa kwa Kiarabu, na Kiarabu cha Mzee Thani bado kilikuwa na Unguja ndani yake, ila hapa hakuna aliyecheka.

"Ami Thani," Yazid alianza, "baba aliniambia zaidi ya mara moja kwamba shamba la Samail ni lako, yeye alikuwekea jina tu. Mimi nilisikia. Ndugu zangu hawakusikia. Sasa sema wewe, mbele yao, tumalize. Shamba ni lako au letu?"

Mlango wa kulisema neno lile ulikuwa wazi kiasi hicho. Mtoto mchanga angepita akitambaa.

Mzee Thani aliweka kikombe chini. Alimrehemu marehemu. Alisimulia jinsi alivyoingia barazani mwaka ule, vumbi mpaka kwenye kope, na jinsi Sheikh alivyomtilia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Alisimulia karani. Alisimulia matanga ya mkwewe. Nasriya alikunja kitambaa cha mkono mpaka kikawa kidogo kama kidonge.

"Ami," Saeed akamkata, kwa upole, "tunauliza shamba."

"Nnakuja hapo hapo, mwanangu." Mzee Thani akapangusa midomo. "Mie na shamba, sote wenu."

Saeed akaacha kutazama saa. Kiyoyozi kilivuma.

"Sheikh," Nasriya alisema kutoka mlangoni, na sauti yake ilimtoka kama anayeita darasa, "baba yangu alinunua kwa pesa zake. Aliyemuuzia yuko hai, yuko Barka..."

"Nasriya." Mzee Thani hakuinua sauti. "Hukuulizwa."

Miaka arubaini na mitano alikuwa nayo, na watoto wa darasa zima walikuwa wakinyamaza akiinua chaki. Akanyamaza.

"Basi keshasema mwenyewe," Saeed alisema, akifungua mikono. "Sikumlazimisha mimi. Ni la marehemu, lipigwe hesabu na mengine."

Yazid alimgeukia mzee. Akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayetia udhu bila ya maji.

"Mnajua," alisema, hakuwa akimwambia mtu mmoja, "tangu baba afe sijanywa chai ya asubuhi peke yangu. Nikitoka mlangoni nawakuta watu wa kabila wamekaa. Wametoka bara usiku. Nawauliza, mna shida gani? Wanasema, hatuna shida, tumekuja tu. Nawauliza, basi mnataka nini? Wanasema, hatutaki kitu. Mmoja jana kaleta mbuzi. Mimi nakaa Qurum. Mbuzi nimuweke wapi?"

Ndugu mmoja alicheka puani. Mzee Thani alitikisa kichwa kwa huzuni, kama anayemhurumia mtoto aliyevishwa viatu vikubwa.

"Ami Thani," Yazid akasema, "umesema wewe wetu."

"Wenu."

"Na ukiitwa?"

"Nnakuja."

"Na ukiamriwa?"

"Nnasikia na kutii, madhali si maasi."

"Si maasi. Basi nakuamuru. Kesho asubuhi nenda ofisi ya ardhi, ukaliandike shamba la Samail kwa jina lako, wewe na kizazi chako. Na Saeed atakuwa hapo kutia sahihi kwa niaba yetu sote."

Mzee Thani aliinamisha kichwa. "Amri yako, Sheikh."

"Hiyo hila," Saeed alisema.

"Hiyo hukumu. Baba alikuwa akihukumu hivi kila Ijumaa. Wewe ulikuwa chumbani unasikiliza redio."

Ndugu wote wakacheka, na Saeed naye, bila ya kupenda. Akamtazama mzee, akatazama bati la halwa lililokuwa bado halijafunguliwa mbele yake. Kumpinga mgeni wa baba yako ndani ya nyumba, mbele ya kahawa, lilikuwa jambo asiloliweza hata mtu wa benki. "Saa mbili," alisema. "Nina kazi baadaye."

Garini, Nasriya alivumilia mpaka mzunguko wa kwanza wa barabara.

"Ungesema langu, yangekuwa yayo hayo."

"Yasingekuwa."

"Shamba ungelipata vilevile!"

"Shamba ningelipata," Mzee Thani alikubali. "Ningetoka mle na shamba mkononi, na mlango nyuma yangu ushafungwa. Eid ntakwenda kumwamkia nani? Nkifa, atakuja nani kukaa chini kwangu? Mtende unakaa matangani?"

"Kwa hivyo ulijua? Ulijua atakuamrisha?"

"Najua nini mie, mzee wa kreni."

Nasriya alimtazama kwa pembe ya jicho. Uso wake ulikuwa mtupu kama ukuta uliopakwa chokaa. Ama alikuwa mjanja kuliko warithi wote waliokaa pale, ama alikuwa mtu aliyekaribia kupoteza mali ya watoto wake kwa haya, na Mungu akamsitiri. Nasriya hakuweza kujua ni lipi, naye alijua kwamba hataambiwa kamwe, na hilo ndilo lililomchosha kuliko yote ya siku ile. Alimfikiria yule mkulima wa Wafaranki, na magoti yake, na mikono yake. Miaka ishirini alikuwa akiwaambia watoto kwamba mtu yule aliogopa, akaishia hapo. Hakuwahi kuwaambia kwamba huenda mtu yule alikuwa mpweke.

Nyumbani Bi Hamdiya alisikiliza habari yote akichambua mchele.

"Unashangaa nini?" alimwambia bintiye. "Baba yako hajapata kushinda jambo kwa kusema. Hata mie alinioa kwa kunyamaza. Alikaa barazani kwetu mpaka baba'ngu akachoka yeye."

"Mama, lingepotea."

"Lingepotea. Halikupotea. Lete ungo ule."

Asubuhi ya pili, Jumatano, Nasriya alipiga simu shuleni akaomba ruhusa ya vipindi viwili, na Peninah akakubali kumshikia darasa. "Niwafundishe nini sasa?" Peninah aliuliza. "Nisije nikaharibu."

"Irudishe piramidi yako ukutani," Nasriya alisema. "Ila somo usilimalize. Mwambie Nouf swali lake sijalisahau, nitalijibu Jumamosi, wiki ya shule ikianza."

Ofisini Saeed alikuwa amefika mbele yao. Alitia sahihi kwa haraka, akampa Mzee Thani mkono, akaondoka. Mzee Thani alitia yake polepole, akaikunja karatasi bila ya kuisoma, akamkabidhi binti yake kama mtu anayempa mwenzake mwamvuli amshikie.

"Sasa nyumbani," Nasriya alisema.

"Sasa Qurum."

Hapo ndipo alipoliona bati la pili la halwa, lililokuwa chini ya kiti tangu walipotoka.

"Baba. Saa hizi Yazid yuko kazini."

"Tutamngoja. Mtu kakuamrisha, umetekeleza, humwendei ukamwambia?"

Nasriya aliegemeza mkono juu ya usukani. Alikuwa na maneno mengi tayari, yamepangika vizuri, na lolote kati yao lingekuwa sahihi. Akawasha gari, akageuza kuelekea Qurum.

Walingoja katika kivuli cha ukuta, Nasriya ndani ya gari, mzee amesimama getini. Karibu na adhuhuri gari la Yazid likakata kona, likapunguza mwendo, na kupitia kioo Nasriya alimwona Yazid akimwona mzee wa kilemba anayemsubiri getini na bati la halwa. Yazid aliinamisha paji la uso juu ya usukani kwa kitambo kidogo. Halafu akainuka, akatabasamu, akashuka.

Nasriya alikuwa ameshashuka mbele yake. Alimshika baba yake mkono, akamsukumia geti.